Gugu Lililoteremka na Kagera

Mwanzoni mwa miaka ya tisini tuliyahesabu magugu maji kuwa maradhi ya ziwa. Yaliziba mialo ya Ziwa Victoria, na Biharamulo ya wakati ule, kabla Chato haijawa wilaya, ilifika mpaka ufukweni. Kwa hiyo juhudi zote zilielekezwa huko: kung'oa kwa mikono, kuburuta hadi nchi kavu, kuanika. Ngara, iliyo katika mkoa huohuo, haikutajwa sana, ingawa ni pale Rusumo, Ruvubu ikishaungana na Nyabarongo kuwa mto Kagera, ambapo mmea huu wenye asili ya Amazon ulikuwa ukiteremka kutoka mabwawa na maziwa ya Rwanda na Burundi, Rweru likiwamo. Aliyesafisha mwalo alikuwa akideki huku bomba liko wazi.

Najua jibu la wanaotetea fukusi wa Neochetina, walioachiliwa ziwani wale magugu katika nusu ya pili ya muongo ule: mwisho wake mazulia makubwa ya magugu yalizama. Ni kweli, japo wataalamu wangali wanabishana sifa ngapi ziende kwa wadudu na ngapi kwa mvua na mawingu ya El Niño ya 1997 na 1998. Lakini fukusi huhitaji muda wa kuzaliana, na mabuu yao hutoboa mashina ya mmea uliotulia. Mtoni mafuriko huyang'oa magugu na kuyapeleka mbali kabla wadudu hawajawa wengi. Wapo pia waliotaka tusuke vikapu. Vikapu ni vizuri, ila gugu linaloweza kujiongeza maradufu ndani ya wiki mbili halisubiri wateja. Na sumu, kwenye mto ambao watu wanakunywa maji yake, sioni wa kuitetea.

Mradi wa hifadhi ya mazingira ya Ziwa Victoria ulipoanza 1997 ulizihusisha Kenya, Uganda na Tanzania tu. Rwanda na Burundi ziliingia katika awamu ya pili. Kuchelewa huko kwaeleza mengi kuliko udhaifu wa mdudu yeyote. Atakayesema Ngara haipati hasara, kwa kuwa gugu hupita tu, aangalie mitambo ya megawati 80 inayomilikiwa na Tanzania, Rwanda na Burundi pale Rusumo: sasa kinachoelea kina pa kukwama. Kuyaopoa magugu juu ya maporomoko ya Rusumo, kabla hayajakatika vipande vinavyoota upya, ni kazi ambayo nchi hizo tatu zina sababu ya kuilipia kutoka mapato ya umeme, na Uganda, ambako Kagera humwaga maji yake ziwani, ina sababu ya kuchangia.