Kiapo cha Mama, Nikaha ya Dada

Dada yangu nilimwozesha mimi kwa mkono wangu. Baba alikuwa ameshafariki, babu naye hayupo, na mimi ndiye kaka yake wa baba na mama mmoja, kwa hiyo uwalii ulikuwa wangu. Ilikuwa Ijumaa ya tarehe 19 Desemba 1997, baada ya sala ya alasiri, nyumbani kwetu Kibokoni, Mji wa Kale, Mombasa, na mvua ya El Nino ilikuwa ikipiga mabati hata shehe akalazimika kuinua sauti. Bado naisikia harufu ya siku ile: udi uliokataa kushika vizuri kwa sababu makaa yalikuwa mabichi, kanzu zilizorowa mabegani, na halua ikifunuliwa kwenye sinia. Bwana harusi alinipa mkono, kiganja chake baridi kama samaki, nikatamka kwamba nimekuoza dada yangu kwa mahari mliyoafikiana, shilingi 30,000, naye akajibu nimekubali. Shehe akaandika kitabuni, akavuta kalamu polepole kwenye tarehe, na vijana wakaanza kupitisha kahawa. Hakuna aliyejua, mwanangu, kwamba dakika ile ile faili moja lililokaa Marekani miaka mitano na nusu lilikuwa limekufa.

Faili lile lilianza na mama. Mama alikuwa mmoja wa wauguzi wa zamani zile, waliofundishwa Uingereza, wenye kukunja shuka pembe nne mpaka ukakosa pa kuingiza mguu. Mwaka 1987 alipata kazi Ohio, Marekani, akaenda na sanduku moja na leso sita, na mwaka 1991 akapewa kadi ya kijani, yaani ruhusa ya kuishi kule daima. Mwaka uliofuata akamwombea dada viza ya kuhamia kule, aliyekuwa na miaka 25 na hana mume. Mimi hakuniombea, na wala haikuwa kwa kunisahau. Nilikuwa na mke tangu 1983 na watoto wawili, na sheria ya kule inasema mzazi mwenye kadi tu, ambaye hajawa raia, hana njia ya kumwombea mtoto aliyeoa au kuolewa. Anaruhusiwa kumwombea mke au mume wake, na mtoto asiye na ndoa, basi. Mzazi aliye raia ndiye anayeweza kumwombea hata mwenye ndoa, ingawa foleni ya wenye ndoa ni nyingine na huenda kwa mwendo wa kinyonga. Barua ya mama ya kunieleza hayo ninayo mpaka leo, imeandikwa kwa wino wa buluu, na pembeni ameandika: subira, mwanangu, nawe zamu yako itakuja.

Tatizo lilikuwa kiapo cha uraia. Kufikia 1996 mama alikuwa ametimiza miaka mitano ya kadi na angeweza kuomba, lakini akasita. Siku zile Kenya haikuruhusu uraia wa nchi mbili. Ruhusa hiyo ilikuja na katiba ya 2010. Ukiapa kule, umejivua huku. Mama alinipigia simu nikaipokelea kwa jirani, maana kwetu simu haikuwako, akaniuliza kama nadhani ni aibu mwanamke wa Kibokoni kurudi kwao kwa viza. Nilimwambia ni aibu. Nilisema vile kwa sababu nilimpenda na nilitaka arudi, na neno lile limenikaa kooni miaka yote hii, maana lilimchelewesha mwaka mzima. Alipopeleka ombi mwaka 1997 alikuta foleni ya waombaji uraia imejaa hadi mlangoni, akangoja zaidi ya mwaka.

Huku nyumbani posa ilikuwa imekwisha kuja. Kijana alikuwa mtu wa Likoni, fundi wa majokofu, mpole, mwenye mikono inayonuka mafuta hata siku ya Idi. Arusi ilipangwa Agosti, kisha zikazuka ghasia za Likoni, watu wakauawa na wengine wakakimbia na magodoro vichwani, nasi tukaahirisha. Desemba ilipoingia wazee wakasema isivuke mwezi: tarehe 29 kuna uchaguzi, na Ramadhani inabisha hodi. Dada alikuwa na miaka 30. Mtaa ulikwisha kuanza kumhesabia. Nilikwenda kumpigia mama simu, dakika tatu zikala zaidi ya shilingi 500, nami karani wa kutoa mizigo bandarini, mshahara wangu shilingi 9,000. Mama alisema, "Mwozeshe. Asizeeke akiwangoja Wamarekani." Tulijua kwamba ombi lake lilikuwa la mtu asiye na mume. Tulichodhani ni kwamba inatosha kuwa hakuwa na mume siku ombi lilipopelekwa. Kosa letu lilikuwa hilo tu, nalo lilikuwa kubwa.

Mama aliapa Juni 1998. Mwezi uliofuata akaniombea mimi, akidhani dada hana haja ya ombi jipya kwa kuwa lake la 1992 lipo. Agosti 7 ubalozi wa Marekani wa Nairobi ukalipuliwa, wakafa watu zaidi ya mia mbili, na kwa muda hakuna aliyekuwa na moyo wa kuuliza habari za viza. Karatasi za dada zilikuja mwaka 1999, bahasha nene ya rangi ya kaki, na pale panapouliza kama una ndoa akajaza kwamba anayo, na jina la mumewe, na la mtoto wao mchanga. Tukapanda basi la usiku kwenda Nairobi. Ubalozi ulikuwa umeshahama kutoka kwenye ile kona ya Moi Avenue na Haile Selassie. Tulikaa kwenye benchi tangu alfajiri, sakafu ikinuka dawa ya kupangusia, mtoto akinyonya chini ya buibui. Mama mmoja Mkenya nyuma ya kioo, mwenye miwani iliyofungwa kamba, alisoma cheti cha nikaha, kisha akasoma nakala ya cheti cha uraia wa mama. Akaziweka karatasi mbili sambamba. Akaweka kidole cha shahada kwenye Desemba 1997, na cha mkono wa pili kwenye Juni 1998, akatutazama. "Hii ingetangulia hii," akasema kwa Kiswahili cha taratibu, "leo mngekuwa mnazungumza mengine."

Alituelezea bila haraka, na watu nyuma yetu wakaguna. Mtoto wa mwenye kadi akifunga ndoa, ombi linakufa lenyewe siku ile ile ya ndoa, hata kama hakuna barua iliyoandikwa. Lakini mzazi akiapa kwanza, ombi huhamia tabaka la watoto wa raia. Mtoto akioa au kuolewa baada ya hapo, linahamia tabaka la wenye ndoa na kubaki na tarehe yake ya zamani, na mume au mke huingia humo pamoja na watoto wasio na ndoa walio chini ya miaka 21. Tarehe ya dada ya 1992 ingeweza kumpeleka yeye na fundi wake bila kungoja tena. Miezi sita, mwanangu. Nikaha ingengoja Shaabani ya mwaka unaofuata, au hata Mfungo Mosi, tungekula halua ile ile.

Tuliporudi Mombasa washauri hawakukosa. Mmoja alisema cheti cha kadhi kifichwe kabatini, dada aombe upya kama mwanamwali. Mwingine akasema fundi amwache kwa karatasi, kisha wakifika kule warudiane. Nilikaa na mambo hayo usiku kucha na sitasema hayakunishawishi. Lakini ombi lililokufa kwa ndoa halifufuki kwa talaka. Lazima lipelekwe jipya na tarehe mpya. Na ukimdanganya ofisa wa viza kuhusu ndoa yako, wanaweza kukufungia mlango maisha yako yote, na mtoto uliyemficha hutaweza kumwombea kesho bila kuumbuka. Dada mwenyewe alikata maneno asubuhi, huku akichota mbaazi kwenye sufuria. Alisema hatamkana mume wake. Mama akapeleka ombi jipya mwaka huo huo wa 1999. Dada, aliyekuwa wa kwanza, akawa nyuma yangu.

Zamu yangu ilifika 2006, na hapo nami nikaonjeshwa. Binti yangu wa kwanza alitimiza miaka 21 Februari ya mwaka huo, na zamani angetolewa kwenye faili langu pale pale. Kilichomwokoa ni sheria ambayo George W. Bush aliitia saini tarehe 6 Agosti 2002, inayopunguza katika umri wa mtoto siku zote ombi lilizokaa mezani kabla ya kuidhinishwa. Langu lilikaa miezi kumi na moja, kwa hiyo kwa hesabu yao alikuwa bado na 20. Sharti moja lilibaki: asiwe na mume mpaka akanyage kule. Na posa yake ilikuwa imeshaletwa mwaka mmoja kabla. Niliwakalisha wazee wa kijana sebuleni, nikawapa kahawa, nikawaeleza habari ya dada yangu tangu mwanzo, na vidole viwili vya yule mama wa ubalozini. Mzee mmoja alikasirika, akaacha kikombe kimejaa. Kijana alingoja. Waliozana Mombasa mwaka 2008, binti akiwa na kadi yake mkononi, na mume naye akaingia kwenye foleni ya waume wa wenye kadi.

Mama alirudi Mombasa mwishoni mwa 2006, kwa viza, na moyo wake umechoka. Alifariki Februari 2007, na dada ndiye aliyemwosha. Ombi la dada la 1999 lilikuwa limebakiza muda mfupi kufikiwa, na sheria inalifuta ombi pale mwombaji anapokufa. Kuna mlango mdogo: jamaa wa karibu mwenye kadi anaweza kusimama badala ya marehemu na kuomba lifufuliwe kwa huruma, nao wanaweza kukataa. Nilimwambia dada nitasimama. Tulikuwa barazani, harufu ya ubani bado haijatoka nyumbani. Alisema, "Kaka, mwanangu yuko shule, mume wangu ana duka. Usiniombee huruma ya mtu." Sikuomba. Yuko Kibokoni hadi leo, na duka la majokofu lina mafundi wanne.

Nawe mwanangu, kama jina lako limo kwenye faili la mzazi mwenye kadi, usipeleke mahari wala usipokee kabla hujamuuliza mzazi huyo ataapa lini, na kabla hujamwona wakili wa mambo hayo. Kama huna wa kumuuliza, nipigie mimi, hata usiku.