Nani Atatumwa Machungani?

Katika nyumba ya Yese palifanyika usaili. Vijana saba walipitishwa mbele ya Samweli mmoja baada ya mwingine, asifae hata mmoja. Daudi hakushindwa usaili ule, hakuitwa kabisa. Baba yake alimwacha machungani na kondoo, mpaka nabii alipouliza kama watoto wamekwisha, ndipo mtu akatumwa kumleta. Habari hii ya 1 Samweli 16 tumeihubiri mara nyingi hapa Bariadi, tukimsifu Daudi. Tulichelewa kutambua kwamba sisi tulikuwa Yese.

Usharikani kwetu yuko binti ambaye tangu mwaka wa kipaimara aliigiza Mariamu katika igizo la Krismasi. Alipobisha mlango wa nyumba ya wageni kule Bethlehemu na kukosa nafasi, hata wazee waliokuwa wanasinzia waliamka. Akatuambia anataka kuwa mwigizaji wa filamu. Tulicheka kidogo, kisha tukamwonya.

Tulidhani tuna sababu ya kitheolojia. Chuoni tulifundishwa kwamba neno la Kigiriki ambalo Injili hulitumia kwa mnafiki, hupokrites, lilikuwa jina la mwigizaji wa jukwaani. Tukalifanya fimbo. Hatukujiuliza kwa nini basi kila Desemba tunawavika watoto shuka nyeupe na kuwaita malaika. Steven Kanumba, mzaliwa wa Shinyanga, mkoa uliokuwa na Bariadi yetu ndani yake kabla Simiyu haijaanzishwa mwaka 2012, alifariki tarehe 7 Aprili mwaka huohuo. Kesho yake ilikuwa Pasaka. Vijana walikuja ibadani macho yamevimba, na sisi tukahubiri ufufuo bila kumtaja hata katika maombi.

Mwaka 2014 shindano la Tanzania Movie Talents lilipofika Mwanza kutafuta waigizaji wa Kanda ya Ziwa, binti alituletea karatasi tuisome kwenye matangazo. Tuliiweka kwenye droo. Mambo ya dunia hayasomwi kanisani, tulimwambia. Jumapili hiyohiyo tulitangaza mnada wa mbuzi. Mshindi wa mwaka ule, Mwanaafa Mwinzago, alipata shilingi milioni 50. Hatusemi angekuwa binti yetu. Tunasema hakupanga hata foleni.

Mwaka uliofuata akapigiwa simu na mtu aliyejiita mtayarishaji wa filamu: atume 80,000 za fomu, aje Dar es Salaam. Baba yake akazitoa katika fedha za pamba. Alipofika Ubungo, simu ya yule mtu haikupatikana tena. Alirudi baada ya siku nne, akaacha kuja kanisani. Mama yake ndiye aliyekuja kutueleza, amesimama mlangoni, amekataa kuketi.

Baraza la wazee likakaa. Mzee mmoja aliyecheza ngoma ujanani akatukumbusha mashindano ya Bagika na Bagalu: mshindi hujulikana kwa pale umati unapokimbilia, kwa hiyo mchezaji sharti aonekane uwanjani. Tukaanza na tulichokuwa nacho. Mwalimu wa kwaya alimrekodi binti kwa simu yake, akitaja jina, umri na lugha anazozijua, akigeuka upande, kisha akiigiza vipande viwili, kimoja cha huzuni na kimoja cha kuchekesha. Tukaulizia kozi za TaSUBa, Bagamoyo. Likija tangazo la usaili tunapiga simu kwanza: wakidai ada, tunaachana nao, wakimtaka hotelini jioni, hapo hatujadili hata. Mama mmoja wa kanisa humsindikiza. Nauli hutoka mfuko wa vijana, na si wote waliofurahi.

Nafasi za karibu ndizo tulizokuwa hatuzioni kabisa. Nane Nane ya kitaifa ilipofanyika hapa kwetu Nyakabindi mwaka 2018, kikundi kimoja cha maigizo kilimpa sehemu ya mke wa mkulima wa pamba. Malipo yalikuwa kidogo, lakini alirudi ibadani Jumapili iliyofuata.

Usaili wa Mwanza amekwenda mara nne. Mara tatu hakuitwa tena. Mara ya nne walimpa sehemu ya mfanyakazi wa ndani, mshamba, ili watu waicheke lafudhi yake ya Kisukuma. Akatuuliza: nikubali? Baraza liligawanyika. Wengine walisema aingie kwanza. Wengine walisema hatukumtuma ili lugha ya mama yake iwe kichekesho. Aliamua mwenyewe. Siku ya kurekodi alimwomba mwongozaji aseme sentensi moja kwa Kisukuma, pale msichana anapompigia mama yake simu. Mwongozaji akaiacha. Tulipoitazama pamoja usharikani, pale hakuna aliyecheka.

Jumamosi hii kuna usaili mwingine. Basi linaondoka alfajiri, kupitia Lamadi. Mama anayemsindikiza ameshafunga michembe na karanga za njiani. Tangazo tulilisoma Jumapili, baada ya lile la mnada wa mbuzi.