Bi Mkubwa na Bi Mdogo hawalali chumba kimoja

Kwenye kipindi cha juzi tuligusia wanyama wa nyumbani, na mimi nikasema kwa sentensi moja tu kwamba kobe mdogo na kobe mkubwa hawafai kukaa sanduku moja. Leo nataka kueleza vizuri, manake hapa kwetu Hagsätra jambo hilihili lilitaka kunigombanisha na mama.

Kwanza muwajue wenyewe. Bi Mkubwa ni kobe jike wa Kigiriki, wale wa njano na nyeusi ambao watu wengi wanafuga hapa Sweden. Ana miaka zaidi ya 20 na uzito wa kilo moja na nusu. Tuko naye tangu nikiwa darasa la tatu. Mwaka jana rafiki wa dada alihama nchi, akatuachia kobe wake mdogo wa aina ileile, pamoja na karatasi zake. Hizo karatasi si mchezo: kobe hawa wanalindwa, na wakinunuliwa au kuuzwa lazima kuwe na cheti cha CITES, ambacho hapa kinatolewa na Jordbruksverket. Ukiambiwa cheti kimepotea, usimnunue.

Yule mdogo alikuwa na gramu 38, anaenea kwenye kiganja kama kiberiti. Mama akamwita Bi Mdogo, halafu akacheka peke yake. Kama hujaelewa kichekesho, muulize mama yako bi mkubwa na bi mdogo ni akina nani kwa mume mmoja.

Sasa, mama yangu ni mtu wa Tanga. Kwao mtoto hatengwi. Analala na bibi, analala na shangazi, analala na binamu watano kwenye mkeka mmoja, lakini peke yake halali. Nilipoleta sanduku la pili akaniangalia.

"Kwani huyu kakosa nini mpaka afungiwe peke yake? Muweke kwa mkubwa wake amfundishe kula."

Nikamwambia hapana, mama, ni hatari. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya. Mshakuwa Waswidi."

Kama umekulia huku unajua hiyo sentensi inavyouma. Mama alishanisimulia kwamba alipofika, baridi haikumsumbua kama ukimya wa ngazi za jengo: milango imepangana, kila mmoja una jina, na yote imefungwa. Kwa hiyo alipoona sanduku lenye kobe mmoja, alichoona ni ule mlango. Ndo maana sikutaka kubishana naye kwa kushinda. Nilitaka anielewe, na Kiswahili changu cha mambo ya kobe kilikuwa kidogo kweli.

Nilianza na uzazi. Kobe hamjui mama yake. Jike anachimba shimo, anataga, anafukia, anaondoka zake. Watoto wakitoka wanajificha chini ya majani, kila mmoja na roho yake. Si mnaijua ile methali, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu? Sisi tunaitumia kumsema mtoto mtukutu, lakini kobe ndiye anayeiishi hasa. Bi Mkubwa hatamfundisha mtu kula. Hajui hata kama yule ni mtoto.

Halafu nikamtajia hatari zenyewe. Gamba la kobe mchanga bado ni laini, na mkubwa anapita juu ya chochote kilicho mbele yake. Kilo moja na nusu juu ya gramu 38, piga hesabu. Pili ni chakula: mkubwa anamaliza majani, na mdogo akisukumwa mara mbili tatu anajificha, haji tena kula, na wewe utafikiri amelala tu. Dume ni mbaya zaidi, anagonga wenzake kwa gamba na kuwang'ata miguu. Tatu ni magonjwa. Kobe mkubwa anaweza kubeba minyoo au virusi bila dalili yoyote, na kinachombeba yeye kinaweza kumuua mdogo. Na mgeni naye anaweza kuja na yake. Kwa hiyo kobe mgeni anakaa karantini miezi kadhaa, na kinyesi chake kinapelekwa kwa daktari wa wanyama kupimwa.

Mama akasikiliza yote, akasema, "Na yule kiboko wa Mombasa na kobe wake?"

Alinipata hapo. Mnamkumbuka Owen, yule mtoto wa kiboko aliyeokolewa pwani ya Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004? Alipelekwa Haller Park, akaenda moja kwa moja kujilaza kwa kobe aitwaye Mzee, aliyekadiriwa kuwa na miaka 130 hivi. Dunia nzima ililia. Lakini kiboko anakua. Baadaye waliwatenganisha, na Owen akawekwa na kiboko mwenzake, jike aitwaye Cleo. Urafiki ulikuwa wa kweli, ila uzito nao ulikuwa wa kweli.

"Hayo ya kwenye simu," akasema mama. Basi nikampigia binamu yangu wa Unguja, na wikiendi ile akavuka kwenda Changuu na kututumia video.

Changuu ndiko wanakokaa kobe wakubwa wa Aldabra. Wanne wa kwanza walitoka Shelisheli mwaka 1919 kama zawadi. Wakazaana, kisha wakaibwa na kuuzwa hadi mwaka 1996 wakabaki saba tu. Wamepona kwa sababu watu waliamua kuwalinda, na sehemu ya ulinzi huo ni kwamba watoto wana uzio wao. Kwenye video wazee wanatembea na namba za umri zimeandikwa mgongoni, watalii wanawalisha majani, na pembeni, nyuma ya wavu, kuna watoto wamejazana kivulini. Mama alirudia kipande hicho mara tatu.

"Kumbe hata Unguja," akasema. Hakusema zaidi.

Siku hizi masanduku mawili yako sebuleni, bega kwa bega. Kuta ni za mbao, kwa sababu kobe haelewi kioo, atakisukuma kutwa. Kila sanduku lina taa yake ya UVB. Jua la dirishani halitoshi, kioo kinazuia miale wanayoihitaji kujenga gamba. Chini ya taa ya joto ni kama nyuzi 35, upande wa pili pamepoa. Bi Mdogo ana udongo wenye unyevu wa kujifukia, na kisahani cha maji chenye kina kifupi. Tunamhudumia yeye kwanza, kisha Bi Mkubwa, kisha tunanawa mikono kwa sabuni, maana kobe hubeba salmonela. Kiangazi wote wanatoka nje kwenye nyasi, ila Bi Mdogo anawekewa wavu juu. Kunguru wa Hagsätra hawana huruma.

Je, ipo siku watakaa pamoja? Labda. Wakilingana ukubwa, Bi Mdogo akiwa jike kweli (bado ni mapema kujua), vipimo viwe safi na nafasi iwe kubwa. Aina tofauti usichanganye kabisa, wanaambukizana.

Jumapili tunampima kwenye mizani ya jikoni. Wiki hii gramu 71. Mama ndiye anayeandika kwenye daftari, na ndiye anayechuma maskros kule kwenye kilima nyuma ya jengo, mbali na barabara. Asubuhi anaweka kiti katikati ya masanduku mawili, anakunywa chai, na anaongea na wote wawili Kiswahili cha Tanga, kile ambacho kwangu mimi huwa anakipunguza kasi.

Kipindi kijacho tunaongelea vyumba: nyumbani kwenu nani alilala na nani, na ulipata mlango wako ukiwa na miaka mingapi? Tutumieni sauti zenu.