Pauni za Fundi Ambaye Hakuja

Majuzi nimelipwa kwa kukaa bure nyumbani. Fundi wa intaneti alikuwa aje asubuhi. Mimi nilikuwa nimetoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi hapa Uingereza, nikanywa kahawa juu ya kahawa nisisinzie, nikakaa dirishani kama mlinzi wa godauni. Hakuja. Hakupiga simu. Nikaanza kupanga matusi ya Kiteso, maana Kiingereza kwa shughuli hiyo hakitoshi. Kisha bili ya mwezi ikaja, na katikati yake kamstari kadogo: fidia ya miadi iliyokosekana. Pesa zilikuwa zimeshakatwa kwenye deni langu. Sikuandika barua. Sikumtafuta binamu wa rafiki anayejuana na meneja. Sikusema hata neno moja.

Nilifurahi, halafu nikakasirika kwa sababu nimefurahi. Yaani mtu mzima nimefikia kuchekelea kutendewa haki ya kawaida!

Nikaufuatilia mpango wenyewe. Ulianza tarehe 1 Aprili 2019, chini ya Ofcom, wasimamizi wa mawasiliano wa huku. Viwango vya mwanzo vilikuwa pauni 25 fundi asipotokea, pauni 8 kwa kila siku laini ikiwa imekufa baada ya siku mbili kamili za kazi kupita bila kutengenezwa, na pauni 5 kwa kila siku ambayo huduma mpya imechelewa kuanza. Sasa vinapanda kufuatana na bei za vitu. Usidhani kampuni ziliamka siku moja zikiwa na roho nzuri. Mwaka 2017 Ofcom ilitishia kuzilazimisha kwa kanuni, ndipo BT, Sky, Virgin Media na wenzao wakasema basi, tutafanya wenyewe kwa hiari. Hiari ya mtu aliyeona kiboko. Jirani yangu, mzee wa Kiingereza anayelalamikia kila kitu kuanzia mvua, anaona fidia hizo ni peremende za kutunyamazishia. Inawezekana. Mimi peremende yangu nimeila.

Sasa twende nyumbani, Angurai, kaunti ya Busia nchini Kenya, jirani na Uganda.

Mama ana mahali pake pa kuongelea simu: chini ya mwembe, upande unaotazama Uganda. Akisogea hatua chache, simu inahamia ng'ambo na ujumbe unaingia kumkaribisha nchi ambayo hajaenda. Bando alilonunua sokoni asubuhi linalala. Nami huku nasikia, "Hallo? Hallo? Wewe, uko?" kisha kimya. Wanaoishi mpakani Malaba wanaijua hadithi hii kuliko mimi. Mwaka 2014 nchi za ukanda wetu zilikubaliana kuondoa ada za ziada kwa simu za kupiga zinazovuka mipaka, na hotuba zilikuwa tamu sana. Mama aliniuliza juzi kama zile hotuba zilifika mpaka kwenye bando. Nikamwambia nitauliza. Nitamuuliza nani? Kampuni yake ukiipigia, unaambiwa ubonyeze moja, kisha mbili, kisha usubiri, na muziki unapigwa hadi betri inaisha.

Kwetu ahadi ya kampuni ni sherehe. Kuna hema, kuna viti vya plastiki, kuna fulana, kuna MCA, mjumbe wetu wa bunge la kaunti, anayechelewa. Mnara utakuja, intaneti itakuja, vijana watapata kazi mtandaoni. Hakuna anayeuliza lini, na akiuliza anaambiwa na wazee aache kuwaaibisha wageni.

Baba mdogo wangu mpaka leo hajayasahau maputo. Yale ya Loon, ndugu zake Google chini ya Alphabet. Mwaka 2018 walitangaza na Telkom Kenya kwamba wangetuletea intaneti kutoka angani. Korona ilipoingia, serikali ikaharakisha, na Julai 2020 huduma ikazinduliwa huko Radad, Baringo: maputo kama 35 yakielea kilomita 20 juu, yakihudumia eneo la karibu kilomita 50,000 za mraba. Maeneo yaliyotajwa yalikuwa Eldoret, Iten, Kisumu, Kakamega, Kisii, Kericho na mengine. Busia haikuwamo. Baba mdogo hakujali. Puto haliombi ruhusa ya kuvuka kaunti, alisema, na kwa miezi kadhaa kila kitu cheupe kilichopita juu ya Angurai kilikuwa cha Google, pamoja na korongo.

Januari 2021 Alphabet ikatangaza kwamba inaifunga Loon, biashara hailipi. Kufikia Machi Kenya ilikuwa imezimiwa. Haikutimia hata miezi minane tangu uzinduzi. Walipoaga waliahidi dola milioni 10 kusaidia mashirika na biashara za Kenya katika mambo ya intaneti na elimu. Mimi ningependa kuona orodha ya waliozipata imebandikwa mahali mtu wa kawaida anaweza kuisoma. Si lazima niwe na shaka ndipo niulize.

Najua utaniambia hata huku Uingereza hakuna sheria ya kumlazimisha tajiri aendelee kurusha maputo yanayomla hasara. Kweli. Hapo sina jibu zuri. Ila najua tofauti ya kuzimiwa ukiwa na karatasi yenye bei mkononi, na kuzimiwa ukiwa na fulana.

Tena nisiwapambe Wazungu kupita kiasi. Walipokuja wale wa Worldcoin kupiga picha mboni za macho ya watu kwa ahadi ya sarafu za kidijitali, foleni za jumba la KICC jijini Nairobi mnazikumbuka, serikali ya Kenya ilisimamisha shughuli Agosti 2023. Uhispania ilizuia Machi 2024. Tuliwatangulia! Na tarehe 5 Mei 2025, baada ya shirika la Katiba Institute kwenda mahakamani, Mahakama Kuu ya Nairobi iliamuru taarifa za miili ya watu zilizokusanywa zifutwe ndani ya siku saba, chini ya macho ya Kamishna wa Data. Siku saba. Hiyo ndiyo lugha ninayoipenda, yenye tarehe na mtu wa kukagua. Tatizo ni kwamba ilitubidi twende hadi kwa jaji, na mama yangu hawezi kwenda kwa jaji kwa sababu ya bando.

Kwa hiyo, ndugu zangu wa Angurai, Moding na Malaba: safari nyingine hema likisimamishwa sokoni na kijana wa kampuni akashika kipaza sauti, mpeni soda, mpigieni makofi, halafu mmwombe aandike mambo mawili na kutia sahihi: mnara unawashwa tarehe gani, na kila siku ukichelewa mtalipwa shilingi ngapi. Akikataa kuandika, mrudishieni fulana zake.