Roboti Yangu Ilijua Majina ya Adui

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, kazi zimenibana kweli kweli, mnisamehe. Wiki iliyopita kijana mmoja anayefanya mafunzo ya kazi ofisini kwetu aliniuliza ni kitabu gani kilichonifunza kuandika programu. Nikamwambia si kitabu, ni mchezo wa vifaru vinavyopigana kwenye kompyuta, tena mchezo ambao nilishindwa vibaya sana. Akadhani namtania. Basi leo nimeamua kuandika kisa chote, maana kina sehemu ambayo sijawahi kuisimulia hapa, na sehemu hiyo inahusu pesa za watu.

Tuanze na mchezo wenyewe, kwa wale wasioujua.

Michezo ya roboti za vita iko ya namna mbili. Kuna ile ambayo unaunda mwili. Kwa mfano Armored Core ya kampuni ya FromSoftware, iliyotoka mwaka wa 1997 kwa PlayStation, unachagua miguu, mikono, injini na silaha, kisha unaiendesha roboti yako mwenyewe. Au Robot Arena 2 ya mwaka wa 2003, ambapo unachora umbo la roboti, unaweka mota, betri na visu vya kukata, kisha unaiingiza uwanjani.

Namna ya pili ni ile ambayo unaunda akili. Unaandika programu, unaikabidhi roboti, halafu unakunja mikono na kutazama. Vita vikianza huruhusiwi kugusa chochote. Namna hii ni ya kale kuliko wengi wanavyodhani. Silas Warner alitoa RobotWar kwa kompyuta za Apple II mwaka wa 1981, na Tom Poindexter akatoa CROBOTS mwaka wa 1985, ambapo roboti ziliandikwa kwa lugha inayofanana na C. Kisha ikaja Robocode. Mathew Nelson aliiandika kwa Java, IBM wakaitoa mwaka wa 2001, na mwaka wa 2005 ikawa programu huria. Hiyo Robocode ndiyo iliyonikuta mimi.

Ilikuwa mwaka wa 2006, nikiwa mwaka wa pili chuoni, Nairobi. Java ilikuwa imenishinda. Nilikuwa naelewa kila neno la mhadhiri lakini nikikaa mbele ya kompyuta siandiki kitu kikatembea. Mwenzangu wa chumba aliipakua Robocode saiba, wakati huo tukilipa shilingi moja kwa dakika, akaja nayo kwenye flashi. Akaniambia, "Boss, achana na mazoezi ya kitabu. Andika hii."

Sheria zake ni rahisi. Uwanja wa kawaida ni pikseli 800 kwa 600. Kila roboti ni kifaru chenye sehemu tatu, yaani mwili, mzinga na rada, na kila moja inaweza kugeuka peke yake. Unaanza ukiwa na nishati 100. Ukifyatua risasi unachagua nguvu yake, kuanzia 0.1 hadi 3, na kiasi hicho hicho kinatolewa kwenye nishati yako. Risasi ya nguvu 3 ikimpata adui anapoteza 16, na wewe unarudishiwa 9. Ikimkosa, 3 zako zimekwenda bure. Tena risasi nzito ni ya polepole. Ile ya nguvu 3 inakwenda pikseli 11 kwa zamu, lakini ya nguvu 1 inakwenda 17.

Hebu tupige hesabu kidogo. Adui yuko umbali wa pikseli 400. Risasi yako nzito itachukua zaidi ya zamu 36 kumfikia. Kifaru kinaweza kukimbia pikseli 8 kwa zamu, kwa hivyo muda huo anaweza kuwa amesogea karibu pikseli 290, ilhali upana wake wote ni pikseli 36 tu. Ukimlenga pale alipo, umelenga hewa. Lazima ukisie pale atakapokuwa.

Mchezo unakuja na roboti za mfano za kujipima nazo. Sitting Duck haifanyi lolote, inakaa tu ikipigwa, na inahesabu katika faili ni raundi ngapi na mapigano mangapi imepitia, maskini. Walls inazunguka uwanja ikifuata kuta huku mzinga wake ukitazama ndani. SpinBot inazunguka duara bila kuchoka. Ziko nyingine kadhaa.

Siku ya kwanza roboti yangu iliua Sitting Duck. Jamani, nilipiga kelele hadi jirani akagonga ukuta. Kwa mara ya kwanza kitu nilichoandika kilikuwa kinatembea, kinatafuta na kulenga. Nikawa silali. Nikaandika hesabu ya kulenga mbele, yaani roboti yangu ikimwona adui inasoma mwendo na mwelekeo wake, inachukulia kwamba ataendelea hivyo hivyo, inafyatua mbele yake. Walls ikaanza kufa, maana Walls hukimbia mstari ulionyooka. SpinBot ikanisumbua kwa kuwa haiendi mstari.

Hapo ndipo nilipofanya ujanja. Rada ikimwona adui, mchezo unakupa pia jina lake. Nikaandika: jina likiwa SpinBot, tumia hesabu ya duara. Jina likiwa Walls, tumia hesabu ya mstari. Jina likiwa hili, fanya hivi, jina likiwa lile, fanya vile. Baada ya wiki tatu programu yangu ilikuwa na mistari zaidi ya 600, na hakuna roboti ya mfano iliyonishinda. Nikajiona mhandisi kamili. Nikamtolea mwenzangu changamoto ya raundi 100, na atakayeshindwa amnunulie mwenzake chapati na maharagwe wiki nzima.

Roboti yake ilikuwa na mistari kama 80 hivi. Nikaiona nikacheka.

Tukawasha. Roboti yangu ikafyatua, ikakosa. Ikafyatua, ikakosa. Kifaru chake kilikuwa kimesimama ubavu kwangu, kimetulia tuli, na kila nikifyatua kinaruka kidogo upande mmoja halafu kinasimama tena. Risasi yangu ikifika inakuta nafasi tupu. Nilishinda raundi 11 kati ya 100. Na aibu kubwa ni kwamba raundi nyingi hakuniua yeye. Nilijimaliza mwenyewe. Nishati 100, kila risasi 3, ukikosa mara 33 umebaki na 1. Roboti yangu ilikuwa inajimwaga damu mpaka inakwama katikati ya uwanja, kisha yeye anaifikia na risasi moja ndogo.

Nikamuuliza, "Wewe, unazionaje risasi zangu?" Kwa sababu katika Robocode rada haioni risasi, inaona vifaru tu.

Akasema, "Sizioni. Naangalia nishati yako. Ikishuka ghafla kidogo, kati ya 0.1 na 3, najua umefyatua. Nasogea."

Mistari mitano tu ya programu. Mimi nilikuwa nimetumia wiki tatu kukariri adui waliokuja na mchezo, yeye alitumia siku chache kujiuliza adui yeyote yule hulazimika kufanya nini. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Mimi nilikuwa nimecheza kwetu, nimejitunza mwenyewe, nikadhani najua ngoma.

Nilinunua chapati wiki nzima. Nikafuta ile mistari yote ya majina, nikaanza upya. Java nikaipita mwisho wa mwaka. Nikasema somo nimelipata.

Uongo. Sikuwa nimelipata.

Mwaka wa 2011 nilikuwa nimeajiriwa kwa mkataba kuandika mfumo wa chama kimoja cha ushirika cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Karani kwenye kituo cha kukusanyia maziwa anapima, kisha anatuma SMS yenye namba ya mfugaji na lita. Mfumo unapokea, unajumlisha, na mwisho wa mwezi unatoa orodha ya malipo. Niliufanyia majaribio kwa miezi miwili, kwa simu mbili zilizokuwa juu ya meza yangu, mtandao ukiwa mzuri. Niligundua kwamba karani akikosa jibu haraka anaweza kutuma ujumbe mara mbili, kwa hivyo nikaweka kinga: ujumbe wenye namba ile ile na lita zile zile, ukifika ndani ya dakika kumi, utupwe, ni marudio. Nikajaribu mara 50. Ulifanya kazi mara 50. Nilijisifu sana.

Mwezi wa pili baada ya kuanza, mama mmoja alikuja ofisi ya ushirika siku niliyokuwepo. Alikuwa na ile kadi ya maziwa ambayo karani huandika kwa kalamu. Akaniwekea mezani, akasema kwa upole, "Mwanangu, hii hesabu ya kompyuta na hii ya kalamu hazilingani. Mimi sijui kompyuta, lakini ng'ombe wangu nawajua."

Tukakaa chini tukaangalia. Mama huyo alikuwa anakuja asubuhi na madebe mawili madogo, yote ya kipimo kimoja, kwa sababu debe moja kubwa hawezi kulibeba. Karani anapima la kwanza, lita 8, anatuma. Anapima la pili, lita 8, anatuma. Mfumo wangu ukaona marudio, ukatupa. Kila siku asubuhi nusu ya maziwa yake ilikuwa ikimwagwa na mistari minne niliyoiandika mimi nikiwa nimekaa kwenye kiti kizuri Nairobi.

Tulipochambua rekodi zote tukapata wafugaji 43 waliopunjwa. Wengine kidogo, wengine sana. Na yule mama ndiye peke yake aliyekuja kuuliza. Wengine walidhani ng'ombe wamepunguza maziwa, au walidhani ndivyo kompyuta inavyokata. Mzee aliyekuwa katibu wa ushirika hakunifokea. Aliniambia tu, "Kijana wangu, hawa watu waliacha kuamini kalamu kwa sababu wewe uliwaambia kompyuta haikosei." Afadhali angenifokea.

Malipo yangu ya mwisho yaliingia katika kuwarudishia, na nilikubali. Kurekebisha kasoro yenyewe hakukuchukua hata nusu saa. Kila ujumbe ukapewa namba ya kufuatana, namba ya debe, na marudio yakajulikana kwa namba hiyo badala ya kukisiwa kwa lita.

Usiku ule nikiwa kwenye matatu kurudi mjini, kitu kilichonijia kichwani ni Sitting Duck. Yale majaribio yangu 50 yalikuwa bata 50 waliokaa. Karani wa majaribio nilikuwa mimi, mfugaji wa majaribio nilikuwa mimi, na dakika kumi nilizichagua mimi. Nilikuwa nimeandika tena programu inayojua majina ya adui. Sikujiuliza ni kitu gani kila mfugaji hulazimika kufanya, ambacho ni kubeba maziwa yake kwa nguvu alizonazo. Na dalili ilikuwepo. Jumla ya lita za kituo kwa kalamu ilikuwa juu ya jumla ya mfumo kila siku. Nishati ilikuwa inashuka, na mimi sikuwa naangalia.

Ndiyo maana nilimjibu yule kijana vile. Tangu mwaka ule sikubali programu yangu itoke kabla sijampa mtu mwingine ambaye kazi yake ni kutaka ishindwe. Simwambii jinsi inavyotakiwa kutumiwa. Nampa tu, nanyamaza, nakunja mikono kama uwanjani. Zile dakika za kwanza, mdomo unaponiwasha nimwambie "hapana, bonyeza pale," ndizo zinazonifunza zaidi.

Robocode bado inapatikana bure kwenye mtandao, na inatembea hata kwenye kompyuta kuukuu mradi ina Java. Iko pia dada yake mpya, Robocode Tank Royale, inayokubali lugha kadhaa zikiwemo Java, C# na Python. Kijana wetu ameshaipakua. Jana alinionyesha kwa furaha roboti yake ikiua mifano yote. Nilimpongeza kwa dhati, maana furaha ile naijua. Kisha nikamwambia nami naleta yangu Ijumaa, ina mistari kama 80 hivi.

Chapati atanunua yeye. Wale mlio na roboti zenu, au mliowahi kupigwa na madebe mawili ya lita 8, niandikieni. Nitasoma zote.