Programu yangu haikujua chumvi ya Malindi

Nimepotea kidogo, lakini leo nina kisa.

Mjomba wangu anauza samaki Malindi. Mwezi uliopita friza yake kubwa iligoma, akatupa nguru na changu wa siku mbili. Fundi akasema kondensa imeliwa. Kondensa ni kama rejeta ya gari: gesi ya moto hupita ndani ya mirija ya shaba, feni hupitisha hewa kwenye mapezi ya alumini, joto likatoka nje. Mjomba akaniambia, "Wewe si umesomea kompyuta? Nipigie hesabu ya kondensa ya bei nafuu."

Nikaandika programu ya Python. Nikaipa bei ya mirija, mapezi, feni na umeme, nikaiacha ijaribu maelfu ya vipimo. Kuongeza kasi ya feni kulikuwa ghali: kasi ikiwa mara 2, feni hula umeme kama mara 8. Basi ikachagua mapezi mengi yaliyobanana, milimita 1.4 kati ya moja na jingine. Eneo kubwa la kutolea joto, shaba kidogo, bei ya chini. Nikafurahi!

Fundi alipoona akacheka. "Kijana, hiyo programu yako imewahi kulala Malindi?"

Akanionyesha kondensa kuukuu. Upepo wa bahari huleta chumvi na unyevu, na pale shaba inapogusana na alumini, alumini huliwa. Unga mweupe na vumbi vilikuwa vimeziba mapezi. Hewa isipopita, gesi haipoi vizuri. Joto la kondensa likipanda kwa nyuzi 1 tu, kompresa hula umeme zaidi kwa kama asilimia 2 hadi 4.

Kumbe nilikuwa nimepunguza bei ya siku ya kununua tu. Nikaongeza mambo matatu:

1. Uchafu unavyozuia hewa mwezi hadi mwezi.
2. Gharama ya kuosha kwa maji ya bomba.
3. Miaka ambayo kondensa itadumu.

Jibu likageuka: nafasi ya milimita 2.5, mapezi yaliyopakwa dawa ya kuzuia kutu, mirija mirefu kidogo. Bei ya kununua ilipanda kwa robo, lakini hesabu ya miaka 5 ikashuka. Mjomba alinung'unika, kisha akalipa. Sasa kila Ijumaa asubuhi anaiosha mwenyewe.

Nilichojifunza: kompyuta hupunguza kile ulichoiandikia, hata kama umesahau nusu ya gharama. Siku hizi kabla ya kuanza hesabu, namtafuta fundi kwanza.

Haya, tuonane wiki ijayo.