Masikio Yalipolitolea Jicho Ushahidi

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Shangazi yangu, muuza viazi katika soko la Karatina, hakuficha maradhi yake. Hakupata tu wa kumwuliza.

Asubuhi moja aliamka macho yote mawili yakiwa mekundu. Nyuso za wateja zilimjia kana kwamba zimezama majini. Zahanati moja ilimpa dawa ya matone. Majumaa mawili baadaye alishindwa kutofautisha noti ya shilingi 50 na ya 200. Majirani wakasema ni mtoto wa jicho.

Nilimpeleka Nyeri nikawa mkalimani wake, Kigikuyu kwa Kiswahili. Daktari alitanua mboni kwa dawa, akamulika ndani. Retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ilikuwa imeinuliwa na maji katika macho yote mawili. Kisha akauliza jambo lililonishangaza: "Mama, kabla ya macho kuharibika, kichwa kilikuuma? Masikio yalivuma?"

Naam. Kichwa na shingo vilimwuma siku kadhaa, masikio yakavuma kama mzinga wa nyuki. Hakuyataja kokote kwa kuwa alikwenda kutibiwa macho.

Ugonjwa huo adimu huitwa Vogt-Koyanagi-Harada, kwa majina ya daktari wa Uswisi na wawili wa Japani. Inaaminika kuwa kinga ya mwili hushambulia seli zitengenezazo rangi, nazo zimo machoni, masikioni, ngozini na katika tando za ubongo. Hakuna kipimo kimoja cha damu kinachoutambulisha. Daktari huzikusanya dalili, akiondoa kwanza shaka ya kifua kikuu na kaswende. Tiba ni prednisoloni kwa kipimo kikubwa mapema, kisha kupunguzwa polepole kwa miezi isiyopungua 6. Nuru iliporejea mwezi wa pili, Shangazi alitaka kuacha vidonge. Ilibidi nimsihi, kwani anayeacha mapema huurudisha uvimbe.

Leo anahesabu noti zake mwenyewe. Kope chache tu zimegeuka nyeupe.

Katika fasihi simulizi twafundishwa kwamba pasipo hadhira fanani hunyamaza. Wakati huo nilikuwa nikirekodi ngano za wazee wa Othaya kwa ajili ya tasnifu yangu, na kila jioni nilirudi kulala nyumbani kwa Shangazi. Sikuwahi kumwuliza alivyoshinda.